Mali kauli hairithiwi

"Mtaalamu, shikamoo. Baba yangu ana miaka 72. Alianza miaka ya themanini kwa kupandisha chumvi na ng'onda Newala na Tandahimba, akidandia malori ya watu. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Lindi mjini, fuso mbili, ghala, na kibanda cha kubangulia korosho chenye akina mama 14. Mimi ni mtoto wake wa tatu, nakaa naye dukani tangu 2015. Tuko watoto tisa kwa mama wawili. Leseni, kadi za magari, akaunti, hati ya ghala, vyote vina jina lake peke yake. Nikigusia habari za kesho ananiambia namchuria. Anasema matajiri Reginald Mengi na Said Salim Bakhresa walianza mikono mitupu na hawakumwachia mtu usukani, na kwamba watoto wa matajiri kazi yao kutapanya. Kaka yetu mkubwa aliyeko Dar anasema mzee aandike wosia, yaishe. Wapwa zake baba nao wanakumbusha kwamba kwa mila za Wamwera mali ya mjomba ni ya mpwa. Napenda kusoma maisha ya waanzilishi wa makampuni, na naona majina mengi makubwa yanazikwa na wenyewe. Hata hapa kwetu, nyumba za maduka ya zamani zimebaki na majina ya plasta yanayobanduka. Je, biashara inaweza kweli kubaki mwenyewe akiondoka? Nianzie wapi bila kumvunjia baba heshima?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi, lakini nikiyakusanya naona hofu ni moja: siku mzee hayupo, atakayefungua mlango wa duka atakuta biashara, au atakuta vitu tu? Hiyo si hofu ya tamaa, na asitokee mtu akakuambia ni ya tamaa. Aliyekaa kaunta miaka yote hii anaijua tofauti ya vitu na biashara kuliko ndugu anayekuja Idi na kuhesabu mifuko ya saruji.

Nianze na habari za wakubwa, maana ndiyo ngao ya mzee. Mengi hakuanza mikono mitupu. Alizaliwa kwenye umaskini wa Machame, hilo kweli, lakini alipoanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake alikuwa tayari mhasibu aliyesomea Uingereza, tena bado ana ajira nzuri katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Alikuwa na mshahara wa kumkinga kalamu zikigoma kuuzika, na alikuwa na macho ya kusoma vitabu vya hesabu. Bakhresa ndiye anayekaribia hadithi ya baba yako: aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na biashara ndogo za chakula kabla ya kufika kwenye unga na kila kitu kingine chenye nembo ya Azam. Ila hapo kwenye "hakumwachia mtu usukani" mzee amekosea njia. Watoto wa Bakhresa wako ndani ya uongozi wa kampuni siku nyingi, na baba yao yu hai. Watu hawaoni makabidhiano hayo kwa sababu hayakufanywa siku moja kwa sherehe.

Mo Dewji wa makampuni ya MeTL naye vijana wengi wanamhesabu mwanzilishi. Biashara ile aliianza baba yake, Singida, miaka ya sabini. Mtoto alirudi kutoka chuo cha Georgetown, Marekani, akaikuta imesimama, akaipeleka mbali. Dangote, tajiri wa Nigeria ambaye kiwanda chake cha saruji pale Msijute, Mtwara, kilizinduliwa Oktoba 2015 na kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, alikulia kwa babu yake mzaa mama, katika ukoo wa Dantata wa Kano, na mtaji wake wa kwanza ulikuwa mkopo wa ndugu wa upande huohuo. Babu wa mama yake, Alhassan Dantata, alikuwa mfanyabiashara wa karanga na kola aliyehesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Afrika Magharibi mpaka alipofariki mwaka 1955. Kwa hiyo zile lori unazozipisha njiani kila siku zina mizizi ya vizazi vinne, tena ya upande wa mama. Nitalirudia hili tukifika kwa wapwa.

Sisemi haya kumshusha mzee. Wewe umesoma maisha ya waanzilishi jinsi yanavyosimuliwa, na usimulizi una tabia ya kukata kichwa na mkia: unamtoa aliyekuja kabla, unamtoa aliyekuja baada, unabaki na mtu mmoja, baiskeli moja na bidii. Anayekulia ndani ya hadithi kama hiyo akiwa yeye ndiye mwenye baiskeli, hawezi kuona nafasi ya mtu wa pili.

Sasa nikueleze kwa nini majina yanazikwa na wenyewe. Baba yako anajua kuendesha haya yote, nadhani tu hajawahi kuyataja kwa sauti.

Msambazaji wa mabati Kariakoo anampakilia mzigo wa mamilioni kwa simu ya dakika mbili. Hakuna hati, hakuna dhamana. Anampa mali kauli, yaani mzigo kwa ahadi ya mdomo, kwa sababu miaka na miaka mzee akisema Ijumaa, pesa inaingia Ijumaa. Mzigo ukifika Lindi, mzee naye anawagawia mafundi na wenye viduka vya Mtama, Nyangao na Rutamba kwa kauli hiyohiyo, akijua kichwani nani atalipa malipo ya mnada wa korosho yakishaingia benki, nani hulipa akikabwa tu, na nani ana mgonjwa nyumbani mwaka huu aachwe apumue. Ukiupima mtaji wa duka lenu, sehemu kubwa ni fedha za watu wengine zinazozunguka juu ya neno la mtu mmoja.

Neno hilo likikatika, wa kwanza kufika ni wanaodai. Wanakuja na risiti, na wana haki. Wanaodaiwa wanakaa kimya kwanza wasikilizie. Msambazaji anasimamisha mzigo mpya mpaka ajue anazungumza na nani, na wewe ungekuwa yeye ungefanya vivyo hivyo. Benki ikipata taarifa inafunga akaunti, kwa sababu ilikuwa ya mtu na mtu hayupo. Ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi wa mirathi, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, mnasubiri kama kuna pingamizi. Ndugu wakielewana, hiyo ni miezi. Wasipoelewana ni miaka. Na msimu wa korosho haumsubiri hakimu. Akina mama wako 14 hawawezi kubangua mirathi. Watakwenda kwingine kutafuta riziki. Mnapokuja kugawana, fuso zipo, ghala lipo, na duka halina mzigo wala mteja. Warithi wanaona vyuma vimekaa, wanauza, kila mtu anashika chake. Mtaani watasema watoto wametapanya, wakati biashara ilikufa zamani, hata kabla mtoto hajashika kitu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja upande wa Masasi, arobaini imekwisha kusomwa. Wanawe wakanitolea daftari la marehemu, lile kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Dukani kwake ukutani kulikuwa na maneno unayoyajua, mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye alikuwa ameyafuata: kurasa zimejaa, mwandiko safi, tarehe zote zipo. "Kofia, 40. Mama Bondeni, nusu. Yule wa mnazini, bado 7. Kijana wa Ijumaa, amalizie." Arobaini nini? Mifuko? Elfu? Laki? Kofia ni nani? Tulikaa na daftari lile siku tatu. Wenye kudai marehemu walijitokeza wote ndani ya wiki mbili. Kwa wanaodaiwa alikuja mmoja tu, mama mtu mzima, kafunga noti kwenye pindo la khanga. Akasema yeye ndiye Mama Bondeni, na ile nusu ilikuwa nusu milioni. Watoto wa marehemu walilia kuliko walivyolia msibani.

Katika historia ya huku kwetu yupo mfano mkubwa wa jambo hilohilo. Allidina Visram aliletwa Zanzibar kutoka Kutch, India, mwaka 1863 akiwa mtoto wa kama miaka 12. Akafanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyekuwa akiandaa misafara ya bara, mizigo na wapagazi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram ndiye aliyesonga mbele: maduka yake yakaifuata njia ya reli mpaka Uganda, makumi ya maduka, halafu viwanda vya kuchambua pamba. Wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Ukiuliza maduka yale yaliendeshwaje, ni kwa mali kauli. Kijana anapewa bidhaa, anatumwa mahali hakuna benki wala polisi, anauza, anarudisha. Kilichoufunga mtandao wote kilikuwa Visram mwenyewe kumjua kila kijana. Alifariki 1916. Mwanawe Abdulrasul akashika, naye akafariki 1923, na baada ya hapo himaya ile ikasambaratika. Kilichobaki na jina lake ni shule ya sekondari pale Mombasa, aliyoitoa mwanawe kwa kumbukumbu ya baba. Na Sewa Haji? Ukipelekwa Muhimbili utasikia wodi ya Sewahaji. Hiyo ni kumbukumbu ya hospitali aliyoitolea fedha. Wote wawili biashara zao zimezimika, zikabaki zawadi zilizotolewa kwa majina yao. Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria: kilichoshikwa kwa mikono miwili kiliponyoka, kilichotolewa ndicho kilichokaa.

Kuhusu watoto kutapanya, mzee ana mifano na mimi ninayo. Ukoo wa Karimjee ulianza biashara Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, umepita kwenye mazao, kwenye mkonge, kwenye utaifishaji, na ndio waliokuja kushika biashara ya magari ya Toyota nchini. Kule India, Jamsetji Tata alifariki 1904 bila kuona hata kipande kimoja cha chuma alichokiota. Kampuni ya chuma ilianzishwa 1907, chuma cha kwanza kikamiminwa 1912, na aliyeifanya kazi hiyo ni mwanawe Dorabji pamoja na wenzake. Waliwezaje? Mzee alikuwa ameshazungumza. Miaka miwili kabla ya kufa alimwandikia mwanawe barua kuhusu mji utakaojengwa kiwandani: barabara ziwe pana zenye miti ya kivuli, viwanja vya mpira viachwe, na pawepo mahali pa mahekalu, misikiti na makanisa. Mtu anayemwandikia mwanawe habari za vivuli vya miti kwenye mji ambao haupo, amekwisha kumpa kichwa chake. Hisa nyingi za kampuni mama ya Tata, karibu theluthi mbili, ziko mikononi mwa mifuko ya hisani, haziwezi kugawanywa na warithi kama mkate.

Wa kumwogopa ni Henry Ford, yule wa magari ya Marekani. Huyu ndiye mzee anayefanana na baba yako, unisamehe kwa kusema hivyo. Mwaka 1919 alimfanya mwanawe Edsel kuwa rais wa kampuni. Kadi za biashara zikachapwa, ofisi akapewa. Lakini Edsel akiamua jambo mchana, mzee analipangua jioni. Edsel alitaka breki za haidroliki wakati washindani wameshaziweka. Mzee akazikataa kwa miaka. Edsel alikufa kwa saratani ya tumbo mwaka 1943, ana miaka 49, na mzee wa karibu miaka 80 akarudi kitini mwenyewe huku kampuni ikizama. Ilibidi mkewe na mjane wa Edsel wamkabe ndipo akamwachia mjukuu mwaka 1945, kijana wa miaka 28. Kwa hiyo siku baba yako akikuita "meneja" mbele za watu, shukuru, halafu angalia kama unaweza kutia sahihi ya kununua hata misumari.

Nije kwa kaka yako na wosia wake. Wosia ni wa lazima, na mzee auandike. Dhirubhai Ambani, mwanzilishi wa makampuni ya Reliance ya India, aliyeanza maisha ya kazi kama mfanyakazi wa ngazi ya chini kule Aden, alifariki 2002 bila wosia. Wanawe wawili wakagombana hadharani mpaka mama yao akaingilia na biashara ikakatwa vipande viwili mwaka 2005. Mmoja leo ni miongoni mwa matajiri wa dunia. Mwingine mwaka 2020 aliiambia mahakama ya Uingereza kwamba thamani yake ni sifuri.

Lakini wosia hauishii hapo ulipoandikwa. Mengi alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019. Wosia wa mwaka 2017 uliopelekwa mahakamani kwa jina lake ulipingwa na watu wa familia, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikakataa kuutambua. Hoja mojawapo ilikuwa afya yake wakati unaandikwa. Nakutajia hili si kwa kuchimba msiba wa watu, ila kwa sababu linamhusu mzee wa miaka 72: wosia unaandikwa mtu akiwa mzima, anatembea, anabishana na wateja, kila mtu anamwona. Ukingoja mpaka aumwe, mmeshampa mtu hoja ya kuupinga.

Halafu, kwa kuwa mnafuata sheria ya Kiislamu kama nilivyoelewa kwenye barua yako ndefu, wasia wa mzee haupiti theluthi ya mali, tena hauwezi kwenda kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Yaliyobaki ni faraidh, mgawo wa mirathi uliowekwa na dini: wajane wawili watagawana thumni yao, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume fungu mbili za wa kike. Kwa hiyo hata mzee akiandika "duka namwachia binti yangu aliyekaa nalo," maandishi hayo peke yake hayatakubeba. Njia iliyopo ni hiba, zawadi ya mtu aliye hai na mwenye afya, inayokabidhiwa kweli mkononi. Akiitoa akiwa kwenye maradhi ya mauti itahesabiwa kama wasia, na theluthi itarudi palepale. Hapa keti na sheikh mnayemwamini na wakili kwa pamoja. Mmoja wao peke yake hatoshi.

Wapwa. Nimeona mnawabeza kidogo, na nadhani mnakosea. Kusini hii, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba alikuwa na wajibu kwa watoto wa dada yake kabla hawajawa na haki kwake. Kwa faraidh, penye watoto wa kiume wa marehemu, mpwa si mrithi. Hakimu atapima mzee aliishi maisha ya namna gani, na mzee aliyefunga ndoa msikitini na kulea wanawe nyumbani kwake amekwisha kujibu. Hilo ni la mahakamani. Nje ya mahakama, jiulize: ni nani aliyempa baba yako chumvi ya kwanza ya kupandisha Newala? Mara nyingi nikiuliza hivyo kwenye familia za huku, kimya kinaingia, kisha bibi mmoja anasema ilikuwa chumvi ya dada yake. Dangote alilelewa na kukopeshwa na upande wa mama, na sisi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda Kano kulielewa hilo. Theluthi ya wasia ipo kwa watu kama hao. Mzee akiwatamkia wapwa fungu lao akiwa hai, kwa maandishi, ataondoa kesi ambayo ingewala nyote.

Sasa njia zenyewe za kuiweka biashara, na nitakuambia zinavyouma.

Jina la biashara mlilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama mmesajili, si kampuni. Wengi wanachanganya. Jina la biashara ni kofia tu. Mwenye kichwa ni mzee, na akiondoka kofia inabaki msumarini. Kampuni kwa sheria ni mtu wa pekee: ina akaunti yake, magari yake, madeni yake. Mwanahisa akifariki, kinachoingia kwenye mirathi ni hisa zake. Fuso inaendelea na safari, akaunti yenye mtia sahihi wa pili inaendelea kulipa. Kwa biashara yenye ukubwa wa kwenu mimi ningeelekea huko. Ila msidanganyike kwamba ni bure. Kampuni inataka hesabu za kila mwaka zilizoandaliwa na mtaalamu, taarifa za kila mwaka BRELA, kodi ya asilimia 30 ya faida, na kuhamisha magari na ghala kutoka jina la mzee kuna gharama zake TRA na kwenye ardhi. Mpigieni hesabu mhasibu kwanza. Mnaweza kuanza na duka peke yake, ghala likabaki la mzee likipangishwa kwa kampuni. Likija la kugawanywa, hapo hamtagusa moyo wa biashara. Na hisa zisigawanywe sawasawa kwa watoto tisa kwa ajili ya amani. Tisa wenye kura sawa, sita wako mbali na hawajawahi kufungua duka saa moja asubuhi, watapiga kura ya kuuza mwaka wa pili. Wapo wanaopaswa kupata mapato bila usukani, na hilo linaandikika.

Kuuza pia ni njia, ingawa sijui familia hata moja iliyonishukuru siku nilipoitaja. Andrew Carnegie aliuza kampuni yake ya chuma kwa kundi la J.P. Morgan mwaka 1901, dola milioni 480, akaacha kabisa kuyeyusha chuma, na fedha zake zikajenga maktaba zaidi ya 2,500. Kama hakuna mtoto anayetaka kusimama kaunta, kuuza wakati mzee yupo na neno lake lina nguvu ni heshima kubwa kuliko kuuza fuso kwa bei ya chuma chakavu baada ya arobaini. Kwenu mtoto yupo, ndiyo maana sikuanzia hapo. Kibanda cha korosho, kusema kweli, kitazame kwa jicho kavu: kama kinaishi kwa sababu mzee anajuana na watu wa kumpatia korosho ghafi, na kila msimu kinafidiwa na duka, huenda kisistahili kurithiwa. Akina mama wale 14 wanaweza kuwa kikundi chenye mashine zao, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo wa kuwaelekeza, na mzee akawa ndiye aliyewapa mtaji.

Nianzie wapi, umeuliza. Usianze na kifo, kwa sababu kwetu kweli kumtajia mzee kifo chake ni kumchuria, na sioni haja ya kugombana na adabu iliyotulea. Anza na safari. Muulize: "Baba, ukijaliwa kwenda Hija, wiki zote hizo, nani atatia sahihi ya malipo ya mabati?" Hilo ni swali la heri, na majibu yake ni yaleyale. Atahitaji mtia sahihi wa pili benki. Atahitaji mtu anayejulikana kwa sauti kule Kariakoo, kwa hiyo safari ijayo ya mzigo mwende wawili, akutambulishe, na mzigo unaofuata uagize wewe kwa simu yako huku yeye amekaa pembeni. Lipa Ijumaa. Mwezi unaofuata lipa tena Ijumaa. Mali kauli hairithiwi, mtu anajijengea yake, na wakati mzuri wa kuijenga ni pale anayeaminiwa bado yupo hai wa kusema "huyu ni mwanangu, msikilizeni."

Kaka yako mkubwa na mama mdogo wayajue haya mapema, kabla hamjaenda kwa wakili. Binti aliyeko dukani anayeonekana kuandikisha makaratasi na baba peke yao, hata akiwa malaika, ataitwa mwizi. Mzee aite kikao mwenyewe, kwa ulimi wake.

Kuna hali ambazo barua hii haitoshi, na nakuomba usisubiri. Kama mzee ameanza kusahau, anarudia malipo au anapotea njia za mji anaoujua, mpeleke hospitali kwanza, mambo ya kutia sahihi yasimame mpaka daktari amwone. Kama ghala au nyumba imewekwa dhamana ya mkopo, ona wakili wiki hii, maana deni la benki halifi na mtu. Kama kuna mtu anatia sahihi ya mzee "kumsaidia tu," hilo lisimame leo. Na ndugu wakifika pa kutishana, msaidizi wa kisheria wa wilaya anaweza kuwaketisha kabla hamjafika Mahakama Kuu, ambako kila mtu hutoka na kitu kidogo kuliko alichoingia nacho. Wosia ukishaandikwa upelekeni RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ukahifadhiwe, usifungiwe sandukuni kwa mke mmoja.

Lakini hayo ya baadaye. Jioni moja wiki hii, mkishafunga hesabu na mlango umerudishwa nusu, mletee mzee chai, fungua daftari lake ukurasa wa kwanza, uweke kidole kwenye jina usilolijua, umuulize huyu ni nani na alianzaje kukopa kwetu. Wazee hawakatai swali hilo. Andika pembeni jina kamili, kijiji, namba ya simu, na hiyo arobaini ni ya nini. Mkimaliza ukurasa huo niandikie tena, uniambie majina mangapi hukuyajua.